Mwaka 2032 Kwaya Yenu Itabaki na Nani?

Hotuba kwa viongozi wa kwaya za wanafunzi wa vyuo vikuu, Kisumu

Bwana Mwenyekiti, walezi wa kwaya, walimu wetu mlioketi hapo mbele, na nyinyi wadogo zangu mliotoka Maseno, Njoro, Kakamega, Bondo, Bungoma na Eldoret: hamjambo. Asanteni kwa nyimbo. Soprano wamejaa jukwaa, na waimbaji wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, ni wachache kama kawaida. Si jambo la leo. Hata enzi zetu tulikuwa tukiwavizia watu wa tena siku ya usajili wa wanafunzi wapya, kabla vikundi vya maombi havijawanyakua.

Nimepewa dakika ishirini kuzungumzia historia ya kwaya zetu. Nadhani Mwenyekiti alitarajia hadithi za vikombe na safari. Naomba nianze na hesabu, kwa sababu historia hii ina mwaka mmoja ulioko mbele ambao sijasikia kiongozi yeyote wa kwaya akiutaja.

Mtahiniwa wa mwisho wa 8-4-4, mtaala wetu wa zamani, atafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Chuoni ataingia 2028, na kwa shahada ya miaka minne ataondoka 2032. Sasa mchukueni mwenzake wa kwanza wa mtaala mpya, aliyeingia gredi ya 10 Januari 2026. Gredi ya 12 ataimaliza 2028, chuoni ataingia 2029. Muundo wake ni 2-6-3-3-3, na ile tatu ya mwisho ndiyo ya chuo. Ataondoka lini? 2032. Kalenda isipovurugwa, madarasa mawili yatavaa joho mwaka mmoja. Mtarudi muhula unaofuata mkute viti vya nyuma vitupu, na viti vya mbele vimekaliwa na watu ambao jana walikuwa wakiuliza choo kiko wapi.

Mwaka 1990 mambo yalikuwa kinyume. Waliomaliza kidato cha sita mara ya mwisho, chini ya mfumo uliotangulia, na wale wa kwanza wa 8-4-4 waliingizwa vyuoni kwa mkupuo. Maseno yenyewe ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka huohuo, kwa kuunganisha chuo cha walimu cha Siriba na chuo cha mafunzo cha serikali kilichokuwa hapo jirani. Kwa mwenye kugawa vitanda ulikuwa mwaka wa mateso. Kwa mwenye kutafuta besi na tena, nadhani haukuwa mbaya hivyo. Mkupuo wa kuingia unaweza kuusongamanisha ukumbini. Mkupuo wa kutoka utaufanyaje?

Kwaya ya kanisa haina shida hii. Ina mama mmoja aliyeshika alto tangu kabla kasisi hajazaliwa. Ukikosea ubeti anakukata jicho, na kumbukumbu yote ya kwaya iko katika jicho lile. Kwaya ya wanafunzi mzee wake ana miaka ishirini na mitatu. Mwenyekiti anajifunza kazi akiwa mwaka wa tatu, anaimudu muhula wa kwanza wa mwaka wa nne, na muhula wa pili anaandika mradi huku akitafuta kazi. Wanaosomea udaktari ndio wazee wa baraza, kwa kuwa wao hukaa miaka sita. Nikikuta kwaya yenye madaktari watatu najua nikiuliza jambo nitajibiwa.

Turudi nyuma kidogo. Kwaya ya mseto, ya wanaume na wanawake pamoja, ya chuo kikuu si kitu cha kale sana hata huko ughaibuni. Kwaya kongwe ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ilianzishwa 1861 na ikabaki ya wanaume watupu hadi 1970, maana chuo chenyewe kilianza kupokea wasichana wa shahada ya kwanza mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Kwetu Afrika Mashariki, Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, na wanawake wake wa kwanza, sita tu, waliingia 1945. Njoro nako palianzia shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu mwaka 1939, na shule hiyo, Egerton, ikawa chuo kikuu 1987. Kwa hiyo ukimwona dada wa soprano bega kwa bega na kaka wa besi, ujue kuna ofisi ya usajili iliyofungua mlango kwanza, ndipo wimbo ukafuata.

Na sisi tuna pengo letu wenyewe. Shule zetu kubwa za bweni nyingi ni za jinsia moja. Kijana aliyetoka Kamusinga ameimba miaka minne na wavulana watupu. Binti wa Butere ameimba na wasichana watupu. Wanakutana chuoni. Mazoezi ya mwanzo huwa kichekesho. Mtu wa tena aliyezoea kuwa sauti ya juu kabisa anaambiwa sasa kuna safu mbili juu yake, na hajui aelekee wapi. Besi wanapaza sauti kushindana na soprano. Alto wanajibanza nyuma wakidhani hakuna anayewasikia. Hakuna mhadhiri anayelipwa kuwapanga hawa. Anayewapanga ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uchumi au kilimo, amesimama juu ya kiti katika ukumbi wa mihadhara saa mbili usiku, akiomba stima isipotee.

Wanakwaya hawa wanasoma nini? Wengi wetu tunasoma solfa, ile ya doh, re, mi inayoandikwa kwa herufi. Wamishenari wa Marafiki, yaani Wakwekeri, walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakafungua shule Maseno 1906, na wamishenari walipofundisha tenzi walifundisha na solfa. Mbinu hiyo chimbuko lake ni mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Bi. Sarah Glover, John Curwen akaiboresha na kuieneza katikati ya karne ya 19. Kuna wasomi wa muziki wanaoidharau. Mimi naitetea kwa sababu moja ya kawaida sana: solfa unaipiga kwa taipureta yoyote. Herufi, nukta na koloni, basi. Noti za mistari mitano zinataka mchoraji au mashine maalumu. Mwalimu wa shule ya msingi kule Vihiga, asiye na kinanda wala umeme, aliweza kuandika wimbo wa sauti nne, akaukata kwenye stensili, na Jumapili ukaimbwa. Leo hii mnautuma kwa WhatsApp kama ujumbe wa salamu.

Ndiyo maana eneo hili lilijaa watunzi na wapangaji. Arthur Kemoli, aliyekuwa akifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, alizichukua nyimbo za Kiluhya akazipanga kwa sauti nne. Washington Omondi, aliyeitafiti thum, ala ya nyuzi ya Wajaluo, alikuwemo katika jopo la watu watano waliotengeneza wimbo wa taifa mwaka 1963, pamoja na Peter Kibukosya, Thomas Kalume, George Senoga-Zake na Graham Hyslop. Walichofanya ndicho mnachofanya nyinyi kila tamasha: walichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto wakauwekea sauti. Baadaye Omondi aliongoza Tume ya Rais ya Muziki, iliyotoa ripoti yake 1984. Tamasha la Muziki la Kenya lenyewe lina historia tangu 1927, na daraja la nyimbo za kiasili zilizopangwa kwa kwaya ndilo linalowatoa watu vitini.

Sasa niwape kisa kimoja, kwa sababu nimekuja na kisa hiki moyoni.

Katika kwaya yetu alikuwepo kijana wa tena ambaye nyanya yake aliishi karibu na Mbale, kule Vihiga. Likizo moja alirudi na wimbo wa harusi. Nyanya alikuwa amemwimbia jikoni huku akichambua mboga, naye akaunakili kwa penseli kwenye fulskapu, akaupanga kwa sauti nne. Ulikuwa wimbo mtamu. Sehemu ya mwisho besi walikuwa na safari yao wenyewe: wanashuka hatua kwa hatua, wanakutana na alto katikati, kisha wanapanda tena wakati soprano wanatulia. Tuliupeleka kwa mchapaji wa kibanda cha langoni, akauchapa kwa kurasa mbili, soprano juu, besi chini, na tukaenda nao harusini, mahafalini, kila mahali.

Sisi tukamaliza, tukaondoka. Nakala zikachakaa. Mtu akachukua moja iliyobaki akaenda kuitoa fotokopi, karatasi ikakaa vibaya kwenye kioo, mashine ikakata ukingo wa chini wa ukurasa wa pili. Mstari wa besi wote ukapotea. Waliofuata hawakujua kuwa kuna kitu kilichopotea. Walipofika pale besi wakashika doh, wakaishikilia mpaka mwisho wa wimbo.

Miaka mingi baadaye nilialikwa kwenye tamasha, nikausikia wimbo wetu. Wameuimba kwa ari, na wale vijana wa besi wamesimama imara juu ya doh yao. Jaji akatoa maoni yake. Akaisifu sana ile sauti moja ya chini isiyotikisika, akasema hivyo ndivyo wazee wa Maragoli walivyokuwa wakiimba tangu jadi, na kwamba wapangaji wa leo waige uaminifu ule kwa asili. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Nilimpigia simu mpangaji, siku hizi ni mwalimu huko Busia. Alicheka mpaka mke wake akaja kuuliza kuna nini. Kisha akanyamaza, akaniuliza kama nina nakala yake ya penseli. Sina. Yeye pia hana. Alimwachia mtunza nakala, naye mtunza nakala alimwachia mwingine, na huyo mwingine alihama hosteli. Nyanya ameshafariki. Besi ile tunaikumbuka vipandevipande, mimi kipande na yeye kipande, na tukiviunganisha havilingani.

Na kwenye ile karatasi iliyoimbwa tamashani, pale juu panapoandikwa jina la mpangaji, paliandikwa "wa kiasili". Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Nyanya naye ana haki yake: tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, na heshima ya kwanza unayoweza kumpa mwenye wimbo ni kuandika umeupata kwa nani na katika kijiji gani. Hiyo ni mistari miwili ya penseli. Haitaki wakili.

Kuna vitu ambavyo hata karatasi nzima, isiyokatwa, haiwezi kuvibeba. Isukuti ni mfano. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwaya zenu huitumia, na mara nyingi mpigaji ni kijana mmoja tu wa Kakamega aliyejifunza kwa wajomba zake. Akihitimu, mwenzake wa Nakuru anakabidhiwa ngoma na kuambiwa, "we piga tu." Mdundo ule hauandikwi kwa solfa. Mwekeni yule kijana peke yake chumbani, mrekodi kwa simu, polepole kwanza, kisha kwa mwendo wake. Vivyo hivyo kila sauti ya kila wimbo: soprano peke yake, alto peke yake, tena, besi. Simu mnazo, na nyingi mnazitumia kujipiga picha mkiwa na sare.

Machi 2020 mlipata kionjo cha ninachosema, au waliowatangulia walikipata. Serikali ilifunga vyuo kwa sababu ya korona, na mazoezi ya kwaya yalikuwa kati ya mambo ya kwanza kukatazwa na ya mwisho kuruhusiwa, kwa kuwa kuimba ni kupumuliana. Waliokuwa mwaka wa nne wengi walimalizia masomo yao mtandaoni wakiwa makwao. Hawakumfundisha mtu. Nimekutana na kwaya ambazo zilirudi mazoezini na nyimbo za vyama vya dini tu, kwa sababu hizo ndizo kila mmoja alizikumbuka.

Nyimbo siyo kitu pekee kinachoondoka na wahitimu. Nani hapa anaweza kuniambia ile laini ya M-PESA ya kwaya imesajiliwa kwa jina la nani? Naona mnatazamana. Kwaya yetu ilialikwa harusini miaka miwili baada ya sisi kumaliza, malipo yakaingia kwenye simu ya mweka hazina wa zamani aliyekuwa Mombasa akitafuta kazi. Alizirudisha, Mungu ambariki, ila si wote wangezirudisha wakiwa hawana kazi. Chaneli ya YouTube nayo ipo mpaka leo, ina video zetu, inapata maoni ya watu wanaoomba namba ya kutualika, na hakuna anayejua nenosiri. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na nenosiri hata moja.

Najua kuna walezi hapa wanaosema dawa ni rahisi: chuo kiajiri mwalimu wa kwaya wa kudumu, ofisi iwe na kabati, mambo yaishe. Mwalimu wangu mmoja aliniambia hivyo asubuhi hii tukinywa chai, na kwa heshima zote nampinga hadharani. Kabati nalitaka. Mwajiriwa simtaki, au namtaka kama mshauri tu. Kijana wa wimbo wa nyanya asingethubutu kumpelekea mwajiriwa wa chuo fulskapu ya penseli. Alituletea sisi kwa sababu tulikuwa rika lake na tulikuwa tukikosea pamoja. Mwenyekiti wa kwanza msichana katika kwaya yetu hakuteuliwa na ofisi. Alto na soprano walihesabu kura zao wakagundua wao ndio wengi. Na mahali gani pengine mtu wa miaka ishirini na moja anajadiliana bei ya basi la watu sitini kwenda Kisumu na kurudi, anashona sare kwa mkopo, anapatanisha wapenzi walioachana ambao wote wanahitajika Jumamosi? Chuo kikuu hakina somo la kazi hiyo.

Kuna njia ya katikati, na wengine wameshaipita. Chuo Kikuu cha Ufilipino kina kwaya iliyoanzishwa 1963 na Andrea Veneracion. Wanakaa nusu duara, hawana kondakta mbele yao, na wameshinda mashindano makuu ya kwaya ya Ulaya mara mbili, 1997 na 2007. Kinachonivutia zaidi ni jambo dogo: waimbaji wake ni wanafunzi, wahadhiri na wahitimu kwa pamoja. Kumbukumbu inakaa kwenye safu, inaimba, haikai kabatini peke yake. Sisi mhitimu akirudi mazoezini tunampa kiti cha mgeni na soda. Mpeni sauti yake. Muwekeeni Jumamosi moja ya kila muhula aje aimbe alichoimba, na wa mwaka wa kwanza akae ubavuni mwake.

Tena mkutubi wenu awe wa mwaka wa kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu kila mahali nakuta cheo hicho kimepewa mtu wa mwaka wa nne, kama zawadi ya uzee. Mpeni mgeni, aliye na miaka mitatu au minne mbele yake, na mumchagulie msaidizi kila mwaka mpya. Wenye bahati ya kuwa na wanafunzi wa udaktari mnajua nani wa kumtwika.

Nitanyamaza sasa, Mwenyekiti ameangalia saa mara ya tatu. Kabla ya chai kuna meza mbili pale karibu na mlango. Ya kwanza ina daftari: andikeni kwaya, wimbo, aliyeupanga, aliyeutoa na kijiji. Kama mnajua nusu, andikeni nusu. Ya pili ina vijana wawili wenye simu, watapiga picha kila nakala mliyokuja nayo, kurasa zote, na wameagizwa wahakikishe ukingo wa chini unaonekana. Tutaanza na besi, maana mandazi yakishatoka hamtawapata tena.